Masika Niliyokula kwa Nasser

Jumapili, 14 Machi 1954

Adija ameondoka alfajiri kwenda Mlingotini kumuuguza mama yake, aliyeteleza kisimani akaumia nyonga. Hajui atarudi lini. Ameniachia mchele, unga wa muhogo na onyo: "Usile ovyo, mume wangu. Wewe ukialikwa uko tayari kufa ili mwenyeji asiudhike." Basi nimeanza kuandika humu, kwa sababu nikikasirika sina tena wa kumwambia.

Mimi ni mwalimu wa shule hapa Bagamoyo, na mwaka juzi nilikaribia kufa kwa tumbo. Nilikonda hadi wanafunzi wakawa wananionea huruma, na mwalimu akishafika hapo hana tena darasa. Nilinyweshwa dawa ya minyoo, nikanywa kombe la aya za Kurani, nikapungwa pepo. Mwisho daktari mmoja wa Dar es Salaam akanitazama kwa muda mrefu, akaniambia niache ngano. Si mkate tu, bali na chapati, maandazi, sambusa, tambi, kila kilichoguswa na unga wa ngano. Alisema wako watu ambao matumbo yao hayapatani nayo kabisa, na kwamba wenzake wa Ulaya wamelijua jambo hili juzi tu, baada ya vita. Nikaacha. Baada ya miezi miwili suruali zangu zilianza kunibana, na Adija akaenda kutoa sadaka.

Tangu hapo nakula chakula cha mkono wa Adija tu. Sasa itabidi nile hotelini.

Jumanne, 16 Machi

Nimeunguza wali. Nimekula ndizi mbivu.

Jumatano, 17 Machi

Jana jioni nilikwenda kwenye hoteli iliyo pale malori yanaposimama. Nilimuuliza mwenyewe kama bajia zake ni za kunde. "Kunde tupu," akasema. Nikala tano. Usiku kucha nilikuwa natoka nje na kurudi.

Leo nimerudi kumuuliza tena. "Kunde tupu," akasema, "na unga wa ngano kidogo wa kuzishikisha."

"Nilikuuliza, bwana."

"Uliniuliza kama ni za kunde. Kwani si za kunde?"

Watu waliokaa hapo walicheka. Mmoja akasema unga kidogo hivyo haumdhuru hata kifaranga. Yaani tumbo ni langu, usiku ni wangu, choo ni changu, lakini anayejua kinachonidhuru ni yeye!

Ijumaa, 19 Machi

Baada ya sala Abdullatif amenishika mkono akanipeleka kwa binamu yake Nasser, mwenye hoteli inayotazamana na soko. Abdullatif ana duka la nguo. Babu yake alitoka Omani na wangu ni wa Mlingotini, lakini sisi wawili tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa na mwalimu mmoja, na sijapata kuwa na rafiki mwingine kama yeye.

"Masalkheri, Mwalimu," akasema Nasser. "Chapati?"

"Sili ngano, Bwana Nasser. Ni amri ya daktari."

"Basi nikupe boflo."

"Boflo ni ngano."

"Boflo si ngano, Mwalimu. Boflo ni mkate."

Abdullatif alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamweleza yote kwa utaratibu. Nasser alisikiliza kwa adabu. Alimwita mpishi wake Bwanausi, akamwambia mbele yangu kuwa mchuzi wa Mwalimu upikwe kwa nazi, ndimu na bizari, basi. Nimekula wali na samaki changu. Nimelala fofofo.

Jumatatu, 22 Machi

Kwa Nasser. Wali na kisamvu. Vizuri kabisa.

Jumapili, 28 Machi

Nilialikwa harusini. Walileta bokoboko kwenye sinia, ngano iliyopondwa na nyama, samli inaelea juu. Nilikula ndizi peke yake. Bibi wa bwana harusi alinisimamia kichwani akauliza kama chakula chao kina uchafu. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi, ni maradhi." Hakunijibu marahaba. Nilipokuwa natoka nikasikia mtu mlangoni akisema, "Huyo ndiye Mzungu wa Mlingotini."

Nina hasira hadi sasa. Mtu akisema samaki fulani wanamwasha mwili, wanamwelewa. Mtu akisema kwao hawali kanga kwa sababu ya mzimu wa babu, wanamwelewa zaidi. Mimi nikisema nimekatazwa na daktari, najivuna!

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua imeanza. Mwalimu mkuu ameniita ofisini. Wanafungua shule mpya Kiwangwa na wanatafuta wa kuiongoza. Amelipeleka jina langu. Mkaguzi atakuja mwezi wa tano kunitazama nikifundisha. Nilitembea nyumbani katika mvua bila mwavuli na sikuona kuwa nimelowa.

Alhamisi, 8 Aprili

Leo nimegombana na Abdullatif, na sijui kosa langu liko wapi.

Nilipita dukani kwake. Alikuwa amempakata binti yake Thuraya, mtoto wa miaka minne, anamlisha boflo iliyolowekwa katika maziwa. Sikuwa nimemwona mtoto huyo tangu mwaka jana. Nilishtuka. Miguu imekuwa myembamba, tumbo limejaa na kukaza, nywele zimepungua. Alikuwa ananung'unika bila kulia, kama mtu mzima aliyechoka. Abdullatif alimtia tonge mdomoni, akamfuta kidevu, akamtia jingine.

"Ana nini?" nikauliza.

"Minyoo. Tumempa dawa mara tatu. Mama yake anampa mkate na maziwa apate nguvu, maana vingine hataki."

 Nilisema taratibu, kama ndugu. Nilimwambia mimi nilikuwa hivyo hivyo, tumbo hilo hilo, miguu hiyo hiyo, na kwamba pengine wangejaribu kumwachisha ngano, au wampeleke kwa daktari yule.

Uso wake ukabadilika. "Mrisho, mwanangu ana minyoo."

"Inawezekana. Lakini..."

"Usimtie mwanangu maradhi yako." Alisema hivyo mbele ya wateja, akamfunika mtoto kwa shuka kana kwamba macho yangu yangemdhuru. "Wewe umejitungia ugonjwa, tumekuvumilia. Usituletee nyumbani."

Kujitungia! Aliniona mwaka juzi nikibebwa. Yeye mwenyewe alishika upande mmoja wa kitanda.

Jumatatu, 12 Aprili

Abdullatif amekuja shuleni kuniomba radhi. Amesema usingizi umekuwa haba nyumbani kwake. Tumepeana mikono. Nimefurahi sana.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua. Kwa Nasser mchuzi wa kuku. Mzito, mtamu. Bwanausi anazidi kuwa fundi.

Jumapili, 18 Aprili

Tumbo limechafuka. Visima vimejaa maji ya mvua, mji mzima unalalamika. Nimeanza kuchemsha maji ya kunywa.

Jumatano, 21 Aprili

Tumbo. Nimeacha pweza.

Jumamosi, 24 Aprili

Barua kutoka kwa Adija kwa mkono wa mchuuzi wa nazi. Mama yake anaweza kukaa lakini hawezi kusimama, na njia ya Mlingotini imekatwa na maji. Anauliza kama nakula vizuri. Nimemjibu kuwa Nasser ananitunza kama mwanawe. Ndivyo ilivyo. Siku hizi ananijazia bakuli bila kuombwa, na anakuja mwenyewe mezani kuuliza kama nimeshiba.

Alhamisi, 29 Aprili

Nimelazimika kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Leo darasani nimeketi kufundisha, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwaka juzi.

Nilimuuliza Nasser kama mchuzi unatiwa kitu. Sikuuliza kwa ubaya. Nilisema tu kwamba umekuwa mzito.

"Tui la kwanza, Mwalimu. Nazi za masika zina tui zito."

"Hakuna unga?"

"Unga wa nini? Wallahi ni nazi tupu."

Nimeona haya kwa kumuuliza. Mtu akishaapa, basi. Lakini kama si ngano, ni nini? Usiku huu nimewaza kuwa labda daktari alikosea, kwamba ngano haikuwa sababu, na kwamba maradhi yamerudi kwa njia nyingine ambayo hakuna anayeijua. Hofu hii ni mbaya kuliko tumbo lenyewe.

Jumatano, 5 Mei

Mwezi umeandama. Kwa mtu mwenye tumbo langu saumu ni raha mchana.

Jumapili, 9 Mei

Abdullatif ananialika kufuturu naye kwa Nasser kila siku. Anakaa karibu yangu. Nimegundua kwamba haanzi kula mpaka nianze, na nikitia tonge mdomoni ananitazama. Leo nimemuuliza, "Unatazama nini?" Akasema, "Nafurahi kukuona unakula, ndugu yangu." Nilimuuliza hali ya Thuraya. Akasema, "Hajambo," akageuka kumwomba Bwanausi chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Jumatano, 12 Mei

Nimeshindwa kufunga leo. Kuharisha kutwa. Miguu imevimba kidogo kwenye vifundo.

Ijumaa, 14 Mei

Mwalimu mkuu ameniuliza kama nakunywa pombe. Mimi! Anasema natetemeka mikono nikiandika ubaoni, na wazazi wameanza kusema. Nilimwambia ni tumbo. Akasema, "Tumbo tena, Mrisho?" kama kwamba tumbo ni mwanamke niliyeahidi kumwacha.

Jumanne, 18 Mei

Mkaguzi amekuja.

Nilikuwa nimetayarisha somo la hesabu kwa wiki mbili. Nilianza vizuri. Mzungu yule alikaa nyuma, mguu juu ya mguu, na watoto walikuwa wanajibu kwa sauti safi hata nikapata moyo. Kisha tumbo likanikata kama kisu. Nilishika meza. Nikaendelea. Likanikata tena, nikajua sina muda. Nilitoka mbio katikati ya sentensi, mbele ya mkaguzi, mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya watoto arobaini, na sikuwahi kufika chooni.

Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Nilianguka penye ukuta wa bustani ya shule. Walinibeba hadi nyumbani. Mwalimu mkuu alikuja jioni, akasimama mlangoni, hakuingia. Alisema mkaguzi ameandika kuwa sina afya ya kuongoza shule. Kazi yangu ya hapa ipo, lakini Kiwangwa atapewa mwingine. Alisema, "Pole," kisha akaondoka haraka kwa sababu ya harufu.

Alhamisi, 20 Mei

 Nataka niyaandike yote jinsi yalivyosemwa, ili asije mtu siku moja akaniambia nilisikia vibaya.

Abdullatif alikuja baada ya sala ya alasiri na kikapu cha machungwa. Mimi nilikuwa nimelala mkekani. Akavua viatu, akaketi, uso wake umechangamka. Akasema:

"Nimekuletea habari njema. Huumwi."

Nilidhani anafanya mzaha wa kuniliwaza.

"Ngano haikudhuru, Mrisho. Nina ushahidi. Tangu wiki ile tuliyogombana, Nasser anakukolezea mchuzi kwa unga wa ngano. Kila siku. Hata mkate wa kumimina wa mchele uliofuturu nao, nusu yake ilikuwa ngano. Nilimwomba mimi. Umekula mwezi na zaidi na hukufa!"

 Nilikuwa nasikia mvua juu ya makuti, na nikiwaza kwamba sijaelewa Kiswahili.

"Ni woga tu," akaendelea. "Yule daktari alikutia woga, na woga ndio unaokuumiza tumbo. Sasa unajua. Unaweza kula kama watu."

"Nasser aliniapia."

"Nilimwambia aape. Ilikuwa kwa faida yako."

"Abdullatif, niangalie."

Akatazama machungwa.

"Nimesema niangalie." Nilijiinua kwa kiwiko, nikafunua shuka. Nilimwonyesha miguu yangu, vifundo vilivyovimba, mbavu zinazohesabika. "Mwezi wa tatu nilikuwa hivi? Ulipokuwa unanitazama nikila ulikuwa unaona nini? Watu wamenibeba juzi nikiwa nimejichafua mbele ya wanafunzi wangu. Kiwangwa imekwenda. Huo ndio ushahidi wako?"

"Hayo ni saumu, na mvua, na..."

"Na nini?"

Alisimama.  "Haiwezi kuwa ngano," akasema. "Haiwezekani iwe ngano, Mrisho. Mkate! Mkate ambao kila mtu anampa mwanawe!" Alisema hivyo kwa sauti kubwa, karibu ya kilio, akatoka bila kufunga mlango.

Niliyatupa machungwa yake njiani, moja moja, kila moja na tusi lake. Watoto wa jirani waliyaokota wakidhani ni sadaka ya mwezi mtukufu, wakanishukuru.

Mwizi nikimkamata nitajua alitaka mali yangu. Adui nitajua alitaka roho yangu. Huyu alitaka nini? Alikaa nami bega kwa bega akanitazama nikila sumu aliyoiagiza. Na yule mwingine aliapa kwa jina la Mungu! Nikifumba macho naona bakuli lile linavyojazwa.

Jumapili, 23 Mei

Adija amerudi. Amevuka maji ya kifuani na nguo kichwani baada ya kusikia habari zangu kutoka kwa wachuuzi. Mama yake sasa anauguzwa na dada yake mdogo. Aliponiona hakulia. Alikwenda jikoni, akatwanga mchele, akapika uji, akaninywesha, kisha akakaa mbele yangu. "Sasa sema."

Nikasema. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hoteli ya Nasser hujaa saa ngapi?" akauliza.

Jumatatu, 24 Mei

Nilimkataza. Amekwenda. Nimemfuata polepole kwa fimbo, na nimeyaona kwa macho yangu.

Watu walikuwa wamemaliza tu kufuturu, hoteli imejaa hadi barazani. Adija alisimama mlangoni na buibui lake, hakuingia.

"Salaam aleikum, Bwana Nasser. Mimi ni mke wa Mwalimu Mrisho."

"Aleikum salaam, shemeji. Karibu, tuzungumze huku ndani."

"Ndani ndiko kwenye chungu. Tuzungumze hapa hapa. Mume wangu alikuuliza kama chakula kina ngano. Ukaapa kwa Mungu kuwa hakina. Ulikuwa umetia au hukutia?"

Nasser alisugua meza iliyokuwa safi. "Shemeji, lilikuwa jambo la kumsaidia. Binamu yangu..."

"Sikukuuliza habari za binamu yako. Ulitia au hukutia?"

 Kisha Bwanausi akasema kutoka jikoni, "Tulitia. Mimi niliagizwa." Nasser akamgeukia kwa ukali, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Ahsante, Bwanausi," akasema Adija. "Basi nyinyi mnaokula hapa, mmemsikia. Mkimuuliza mtu huyu kama nyama ni ya ng'ombe, mkae mkijua anavyoapa."

Akanishika mkono tukarudi nyumbani.  

Alhamisi, 27 Mei

Hoteli ya Nasser haina watu. Wale wale walionicheka sasa wanasema kwa uchungu, "Kama alimtilia Mwalimu, mimi je, alinitilia nini?" Hakuna hata mmoja aliyekuja kunipa pole. Wamekasirikia matumbo yao. Langu bado ni la Mzungu wa Mlingotini.

Jumamosi, 29 Mei

Leo tumegombana, mimi na Adija.

Alikwenda nyumbani kwa Abdullatif mchana, mwenyewe akiwa dukani, ili amweleze mkewe Jokha mumewe ni mtu wa namna gani. Alikwenda amejaa maneno. Amerudi kimya, akakaa kizingitini bila kuvua buibui.

"Nilikwenda kugomba," akasema, "nikakuta mtoto."

Thuraya hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Jokha alikuwa anambembeleza kwa kipande cha mkate. Adija alipomwona yule mtoto alisahau alilokwenda kulisema. Alimwambia Jokha jinsi nilivyokuwa mimi mwaka juzi na alivyonilisha yeye. Uji wa mchele, mtama, muhogo, ndizi, samaki. Ngano hata chembe isiwepo, wala chungu kilichopikiwa ngano bila kusuguliwa kwa mchanga. Jokha alilia. Kumbe siku ile nilipozungumza dukani Abdullatif alirudi nyumbani akamwambia, akifoka, kwamba Mrisho ana wazimu. Na Jokha tangu hapo kila anapomlisha mtoto mkate anayakumbuka maneno yangu, na kila akitaka kuacha mumewe anamwambia, "Unataka afe kwa njaa?" Sasa ameamua kufanya bila kumwambia. Mkate ukiletwa atawapa kuku.

Nilimwuliza Adija kwa nini amewasaidia watu wale.

"Mtoto hakukutilia unga," akasema.

"Baba yake alinitilia!"

"Basi mgombeze baba yake."

Nilitoka nje nimekasirika zaidi. Lakini usiku, nilipokuwa nafikiri, nikaelewa kile ambacho Abdullatif alikuwa anakitafuta kwenye sahani yangu siku zote zile. Kama mimi naweza kula ngano nikabaki mzima, basi mwanawe naye ana minyoo. Nimeelewa, na hasira haikupungua hata kidogo. Alikuwa na mdomo. Angeweza kuniuliza.

Ijumaa, 4 Juni

Idi. Adija amepika pilau. Sikwenda kumpa mtu mkono.

Alhamisi, 10 Juni

Nimerudi kazini. Nafundisha nimesimama. Mwalimu wa Kiwangwa ameondoka leo na lori, vitabu na ubao mpya vimefungwa kwa kamba juu ya mizigo. Nilitoka uani nikajifanya nakagua madirisha.

Jumatano, 16 Juni

Adija anasema Thuraya ameomba chakula. Ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake.

Jumatatu, 21 Juni

Juzi Jokha alimwambia mumewe. Abdullatif alikuwa amemsifu mtoto kwa kuongezeka, akasema dawa ya minyoo hatimaye imefanya kazi. Ndipo Jokha aliposhindwa kuvumilia. Alimpeleka uani akamwonyesha kuku walivyonona. Adija anasema mtu yule aliketi chini kwenye tope. Kesho yake alimchukua mtoto akaenda naye Dar es Salaam, kwa daktari wangu.

Jumapili, 27 Juni

Mvua zimekwisha. Asubuhi Abdullatif alisimama mlangoni kwetu. Alikuwa amemshika Thuraya mkono, na Thuraya alikuwa anatembea.

"Daktari amesema ni hiyo hiyo," akasema. Hakuweza kuitaja ngano. "Nasser anafunga hoteli leo mchana akupikie. Hakuna mgeni mwingine. Anamwomba Adija aingie jikoni asimame juu ya chungu tangu kinapooshwa. Tafadhali, Mrisho."

Nilitaka kukataa. Adija alikwisha kuchukua buibui lake.

Alisimama jikoni kwa Bwanausi tangu moto ulipowashwa. Alisugua masufuria kwa mchanga mwenyewe, akanusa kila kopo, akamwaga mafuta ya jana. Nasser alinimiminia maji ya kunawa kwa mkono wake, na birika lilikuwa linagonga beseni. Akasema, "Mwalimu, nimeapa uongo." Nikanawa. Alibaki amesimama na taulo begani hadi wali ulipoletwa.

Tulikula wali, changu wa kupaka na mchicha. Mkate wa kumimina ulikuwa wa mchele mtupu. Thuraya alikaa kati yetu akala kwa mikono miwili.

Abdullatif hakula. Alizungumza akitazama sinia.

"Ningekubali kwamba wewe ni mgonjwa, ningekubali pia kwamba mimi ndiye ninayemuua. Nilikuwa namlisha kwa mkono wangu, Mrisho. Kila siku. Sikuweza. Basi nikataka iwe uongo, na sikuwa na njia nyingine ya kuufanya uwe uongo ila wewe."

"Ungeniuliza."

"Ungesema kweli."

Sijasikia jibu la ovyo kama hilo, wala lenye ukweli zaidi. Nikamwambia, "Nirudishie Kiwangwa." Akafunika uso kwa viganja. "Nirudishie siku ile mbele ya mkaguzi. Nirudishie usiku nilioukesha nikidhani nakufa kwa maradhi yasiyo na jina."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Nataka ukae ukijua kwamba huwezi."

Nilikuwa nimekusudia kusimama baada ya neno hilo, nimwite Adija, tuondoke zetu. Nilikwisha kuweka mkono mezani nijiinue. Lakini Thuraya alikuwa ameshiba, na mtoto aliyeshiba hana subira. Alikuwa amelala usingizi juu ya paja langu, mdomo wazi, wali umemganda kidevuni. Baba yake alinyoosha mikono amchukue. Nikamwashiria kwa kichwa amwache.

Sijamsamehe. Nimekaa pale mpaka alasiri.